Neno la Kumwambia Mlanguzi

Benchi letu pale stendi ya Kwa Mathias ni ubao uliong'oka kwenye bodi ya lori, umekalishwa juu ya rimu mbili za matairi. Mgongo tumeipa Barabara ya Morogoro, uso unatazama mlango mmoja wa bati. Mlango ule ndio shida. Ulikuwa umefungwa kwa kufuli ya wenye mamlaka karibu miezi miwili, jana jioni ukafunguliwa, na tangu asubuhi hii ya Jumamosi, mwaka huu wa 1983, tumekaa tunautazama kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Tuko wanne. Refa, aliyechezesha ligi ya wilaya mpaka goti likamkataa. Dakta, aliyefagia wodi za hospitali moja akarudi na majina ya dawa. Tandiboi, ambaye lori lake limelala juu ya magogo kwa kukosa tairi. Na mimi, Digrii, niliyesoma mpaka Mlimani, nikaajiriwa na shirika, shirika likavunjwa, nikarudi kwa shangazi na suti moja. Kahawa anamimina Babu Buli. Ndani ya mlango ule yuko Mlanguzi, mwenzetu wa benchi, na lori la mkaa litakalomrudisha kwao Msimbu, Kisarawe, limeshageuzwa linasubiri mizigo. Kabla halijaondoka, inabidi tumwambie neno.

Tandiboi: Neno lenyewe ni moja tu. Sori. Unamwendea, sori, mnapeana mkono, yameisha.

Refa: Sori ya wapi?

Tandiboi: Kwani sori ina kwao?

Refa: Ina kwao. Uwanjani, bwana mdogo, beki akishamvunja mwenzake anasema sori haraka sana, lakini anamtazama nani? Ananitazama mimi. Aliyevunjika yuko chini anakula nyasi, hana habari. Tangu nishike filimbi sijaona sori iliyomwendea mwenye mguu.

Dakta: Hospitali ndiyo mbaya zaidi. Mzungu akitoka chumba cha upasuaji anavua glovu, anasema sori, ukoo mzima unaangua kilio. Mkalimani wa nini? Kuna bibi mmoja wa Gwata, hata gudi moningi hajui, alisikia sori akajitupa chini palepale. Sasa wewe mpelekee mtu sori mlangoni asubuhi, atakuuliza maiti iko wapi.

Tandiboi: Basi kule dukani wanakufa wengi. Juzi nimeingia. Sabuni? Sori. Viberiti? Sori. Dawa ya meno? Sori. Bidhaa pekee ambayo haijaadimika ni hiyo, na haitaki kibali.

Babu Buli alicheka. Halafu akakumbuka tunamzungumzia nani, akageuza kile kicheko kuwa kikohozi.

Maana Mlanguzi hakuwa mlanguzi wa kitu chochote. Lilikuwa jina la benchi. Yule bwana kazi yake ni kusuka vitanda vya kamba, hivi vya teremka tukaze, na kila jioni alinunua kashata mbili, akala moja, ya pili akaifunga kwenye karatasi na kuitia mfukoni. Katika dunia hii ya sukari ya kupanga foleni, benchi likasema: huyu anaficha bidhaa, mlanguzi huyu. Tulicheka mpaka kahawa ikamwagika. Naye akacheka. Kila mtu hapa ana jina la benchi, lake likawa hilo. Makondakta wakalidaka, watoto wa stendi wakaliimba. Msako wa walanguzi ulipoanza ikaja Landrova, na ndani yake watu wawili wageni, wakawauliza watoto mlanguzi wa hapa ni nani. Watoto wakaonyesha kidole. Chumbani walikuta kopo limejaa kashata, wakalitoa nje kwa mikono miwili kama limejaa dhahabu. Kisha wakatugeukia sisi: mnamfahamu huyu?

Ilikuwa ni kusema tu, jamani, hilo ni jina la utani. Lakini anayesema anaulizwa na yeye jina lake, na anakokaa, na kazi yake. Tandiboi akayatazama matairi ya Landrova. Dakta akakumbuka kuna mtu anamsubiri. Refa na filimbi yake yote, hakupuliza. Na msomi wenu, two languages and a gown, akajibu kwa Kiswahili safi kabisa: "Tunamwona tu."

Mlanguzi alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshainamia kikombe wakati wanampakia kumpeleka rumande.

Refa: Digrii, wewe si ndiye uliyekisomea Kiingereza? Tuambie hiyo sori hasa maana yake nini.

Nikatoa mhadhara, Mungu anisamehe, tena kwa raha. Ni miezi mingi hakuna aliyeniuliza kitu ninachokijua.

Mimi: Mwingereza ana neno moja pale ambapo sisi tunagawa. Mtu kafiwa, sisi pole, yeye sorry. Umemkanyaga mtu, sisi samahani, yeye sorry. Hukusikia vizuri, unapandisha sauti mwishoni, sorry? Maana yake hebu rudia. Unataka kupita kwenye watu, sorry, sorry, huku unasukuma. Unataka kumnyima mtu, I'm sorry, but. Na hiyo but ndiyo mlango unaokufungia. Shirika liliponiacha, barua ilianza na We are very sorry. Very. Aliyeiandika hata sura yangu haijui.

Dakta: Kumbe ni kama aspirini. Kichwa, kiuno, jino, unapewa hiyohiyo.

Mimi: Tena ipo sorry state. Kitu kikichakaa mpaka kikatia huruma, unasema kiko in a sorry state.

Tandiboi: Kama vile nchi...

Refa: Kunywa kahawa yako.

Tukageuka tukatazama barabara, upande wa Dar, upande wa Mlandizi. Hapakuwa na Landrova. Liliwika basi moja la Morogoro, likapita.

Refa alishusha sauti.

Refa: Mimi nawaambia, Waingereza waliitengeneza hii kwa ajili ya kuondokea. Sitini na moja walipofungasha...

Dakta: Walisema sori?

Refa: Walisema gudubai. Sori waliiacha maofisini, kwenye makabati. Ndiyo maana kila ukienda na shida yako, karani anafungua kabati anakukatia kipande.

Tandiboi: Hapana. Sori ni honi. Honi unapiga kabla hujagonga. Sisi tumeshagonga, tukirudi sasa kupiga honi tutaonekana vichaa.

Dakta: Basi tumpe pole.

Refa: Pole anatoa mtu asiyehusika.

Dakta: Samahani, je?

Refa: Samahani ya kumkanyaga kidole? Mtu kalala sakafuni mpaka mbavu zimechora saruji.

Tandiboi: Tumwombe radhi, basi.

Radhi unaiendea kwa miguu. Unavua viatu, unakaa chini, unataja kwa mdomo wako ulichofanya, kisha unangoja, na mwenzako ana haki ya kukataa. Hapo nikaelewa kwa nini tangu asubuhi tunaing'ang'ania sori. Sori unaweza kuitamka ukiwa umekaa.

Dakta: Babu Buli, mwongezee Refa.

Mlango wa bati ukafunguka. Tulikaa sawa wote kwa pamoja, kama wanafunzi mwalimu akiingia. Lakini aliyetoka hakuwa yeye. Ni mama mtu mzima, kajifunga kanga kiunoni na nyingine kichwani, begani kabeba kamba ya kufungia mizigo. Akaja moja kwa moja mpaka kwenye benchi.

— Shikamoo mama, tukasema wote, kwa adabu ambayo hatukuwa tumeitumia siku nyingi.

— Marahaba wanangu. Mimi Siwema, dada yake huyu anayehama. Nimetoka Msimbu kuja kumchukua. Wenzie aliokuwa akikaa nao ni nyie?

— Ndio sisi, mama, Refa akajibu. Kila jioni tuko naye.

— Alhamdulillahi. Nilidhani hakuwa na watu. Mzee wa kahawa, kashata zipo?

— Leo hazipo, mama. Sukari.

— Basi. Nilitaka kumpelekea mama yetu. Meno hana tena, anazinyonya. Huyu kila akija mwisho wa mwezi alikuwa anamletea kopo zima.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Dakta alikuwa na kahawa mdomoni, akakaa nayo hivyohivyo.

— Sasa wanangu, kitanda nimeshakifunga, vyombo viko kwenye lori. Yeye ndiye hatoki. Kakaa chumbani kaupa uso ukuta, anasema atatoka watu wakiisha stendi. Hii stendi watu wake wanaisha lini? Nataka mmoja wenu asimame pale mlangoni amwite. Akisikia sauti anayoijua atainuka.

Tandiboi akasimama. Nakiri alisimama kabla yangu.

— Tutakwenda wote, mama. Hata tulikuwa tunajiandaa kwa hilo.

— Mungu awaweke. Ila nawaomba kitu kimoja. Lile jina la hapa msilitaje. Dereva wa lori kalitaja asubuhi kwa utani, mwenyewe kajikunja kama mtu anayepigwa. Mwiteni kwa jina lake.

Tandiboi akabaki amesimama. Akamtazama Refa. Refa akamtazama Dakta. Dakta akaimeza ile kahawa. Kisha wote watatu wakanigeukia mimi, msomi, aliyewaeleza sasa hivi namna sita za kutumia neno moja la watu wengine.

Nililitafuta. Kichwani nina majina ya wafalme wa Uingereza kwa mpangilio, kila mmoja na namba yake. Nina mito ya Kanada. Nina jina la yule aliyesaini barua yangu, pamoja na cheo. Nikatafuta jina la mtu aliyekaa kushoto kwangu karibu miaka mitatu, ambaye siku shangazi alipougua alimsukia kitanda kipya bila kuombwa, nikakuta hapo palipotakiwa kuwa na jina pana kicheko.

Siwema hakukasirika. Ingekuwa afadhali. Aliniuliza mimi, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

— Mwanangu, mdogo wangu anaitwa nani?

Babu Buli aliinua birika, akalitikisa karibu na sikio. Akalirudisha chini.

— Sori, mama, Tandiboi akasema.

Sijui ilikuwa ipi kati ya zile zote.

Yule mama akatutazama mmoja mmoja, kuanzia Refa mpaka kwangu. Akaisawazisha kamba begani, akarudi alikotoka. Alisimama kizingitini, mgongo kwetu, na hakupaza sauti, lakini bati lile halizuii kitu.

— Saburi. Ee Saburi. Toka, mdogo wangu. Hapa hakuna mtu.

Akatoka. Kanyolewa kichwa, shati lilelile la mfuko wa kifuani, na mfuko umelala bapa. Alipita mbele ya benchi karibu kabisa, ningenyoosha mkono ningemgusa, na dada yake alikuwa amesema kweli, maana hakuona mtu. Akapanda nyuma ya lori, akakaa juu ya kitanda chake kilichofungwa, akashika kamba.

Lori lilipiga honi, likaingia barabarani, likashika njia ya Dar. Lilikuwa limeshafika mbali, limebaki vumbi na harufu ya mkaa, ndipo Refa alipolijaribu lile jina, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeonja kahawa ya moto.

— Saburi.