Mawe Saba ya Kilbrody

Wewe hapo, umewahi kushindwa kuuingia mto? Si kuuvuka, si kushindana nao. Kuuingia tu, na boti yako ndogo ya mbao na makasia yake mawili. Nuala Heneghan, mwenye shahada mbili na miaka thelathini na moja ya kufundisha historia, alikuwa ameshindwa tangu Jumatatu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Mto wenyewe ni Shannon, mrefu kuliko yote ya Ireland, si kijito cha kutafuta kwa tochi. Unapita Kilbrody hatua mia moja kutoka benchi lililo nje ya duka la Gilhooly, ambalo ni posta, ni kituo cha mafuta, na tangu waweke mashine ya kahawa, ni bunge pia. Wabunge ni watatu. Malachy Fallon, aliyegombea udiwani mara moja akaanguka kwa kura kumi na moja, anaitwa Waziri. Dinny Coyne anaitwa Redio, kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Packie Geraghty, ambaye shamba lake linateremka hadi ukingoni, anaitwa Tope, na ukiviona viatu vyake hutauliza kwa nini. Wanaketi baada ya misa ya saa nne na hawaondoki mpaka njaa iwaondoe.

Nuala alikuja kununua maziwa. Hakuwa na nia ya kuhutubiwa.

— Mwalimu! Waziri akamwita. Boti imeshaingia majini?

— Iko kwenye trela, Malachy. Umeikodolea macho tangu niegeshe.

— Sasa unangoja nini?

— Nangoja mto uniletee mlango.

Wakacheka, kila mmoja kwa kikombe chake cha karatasi. Nuala hakucheka. Siku tatu mbele ilikuwa Jumapili ya makaburi. Watu wa Kilbrody huzikwa kisiwani Inishgall, na mara moja kwa mwaka kila nyumba huenda huko kwa boti yake, padri akanyunyizia makaburi maji ya baraka. Mama yake, Bríd, ana miaka themanini na minane na nyonga mbili za chuma. Boti ya injini ya parokia ina ngazi, na ngazi ile haiwezi. Boti ya chini aliyoizoea, ya kutia mguu mmoja kisha mwingine, hiyo anaiweza. Alikwisha kusema asipofika mwaka huu kwa mumewe hana hakika ya mwakani, na akasema hivyo huku akimenya viazi, bila chozi, jambo lililomtia Nuala hofu zaidi.

Na boti ya mbao iliyolala bandani tangu mwaka jana huitii majini ukapanda papo hapo. Mbao zimekauka, zimeachana, jua linapenya katikati yake. Lazima ilazwe ukingoni ijae maji, ikae siku mbili ikinywa mpaka mbao zivimbe zishikane. Siku mbili. Hesabu hiyo hata Redio angeiweza.

— Hujajaribu gati la hoteli? Redio akauliza.

— Nimejaribu. Binti wa mapokezi ameniomba cheti cha bima na namba ya usajili. Nikamwambia boti hii ina umri kumzidi bibi yake. Akaniomba namba ya bibi.

— Na pale darajani?

— Darajani kuna ukuta. Ninyi mna boti za plastiki, mnazirusha juu ya ukuta kama magunia ya karoti. Hii ya kwangu ukiirusha unaokota kuni.

— Chini ya kanisa la zamani je?

— Matete, na kibao cha ndege wanaotaga. Nimekisoma chote.

— Kwa Tope, basi! Shamba lake si linafika mtoni?

Tope alikuwa akikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

— Nilimwambia Jumatatu, akasema. Shamba limelowa. Trela itazama hadi ekseli.

— Ndiyo maana umelifunga kwa kufuli? Nuala akauliza. Ili tope lisitoroke?

— Mambo ya ng'ombe hayo, Nuala. Huyaelewi.

Ulibaki mteremko wa simiti wa kijiji wenyewe, ule ambao boti zote za Kilbrody zilishukia tangu Nuala akiwa mtoto. Lakini tangu Agosti ya mwaka uliopita, kichwani mwa mteremko palikaa mawe saba, kila moja ukubwa wa ndama aliyelala, hata mtu mmoja hapenyi bila kuchana suruali. Na hapo ndipo benchi lilipopata kazi.

— Ni halmashauri, akasema Waziri, akijinyoosha kana kwamba kura kumi na moja zimepatikana. Wanaogopa kesi. Mtu mmoja akiteleza akavunjika kiuno, wanamlipa mpaka kaburini. Kwa hiyo wanaziba. Ndiyo sera.

— Sera ya nani? Umeisoma wapi?

— Mambo hayo hayaandikwi, mwalimu. Sisi tuliokaribia madaraka tunayajua.

— Ulikaribia madaraka kama mimi nilivyokaribia mto.

— Wewe Waziri unawaza kidogo, Redio akadakia. Halmashauri haiwezi kuamka asubuhi, itabeba mawe? Hii ni nyambizi.

— Nini?

— Nyambizi. Chombo kinachokwenda chini ya maji. Mpwa wangu anafanya kazi uwanja wa ndege, ameona wageni wenye mikoba mirefu. Wanapima kina. Wakishamaliza, hutaona boti hata moja kuanzia hapa mpaka Limerick. Unadhani kwa nini bata wamepungua?

— Kwa sababu unawalisha mkate wenye ukungu, akasema Nuala. Dinny, mto huu hapa daraja lilipo, kiangazi ng'ombe wanasimama katikati maji yakiwafika tumboni. Nyambizi itakuja imelala ubavu?

— Cheka tu. Waliowahi kucheka ni wengi.

Alipaswa kuondoka. Maziwa yalikuwa yakipata joto mkononi. Lakini alishangaa jinsi watu wazima watatu, jumla ya miaka mia mbili na ushei, wanavyoweza kukaa hatua mia moja kutoka kwenye jambo na kulizungumza kana kwamba liko mwezini. Wanafunzi wake waliofeli walikuwa angalau wakifungua kitabu kutafuta pa kunakili.

— Mimi naona, akasema Tope polepole, pengine hakuna aliyeyaleta.

— Eti?

— Mawe huota. Muulize mkulima yeyote. Kila baridi ikiisha naokota shambani mawe ambayo vuli hayakuwepo. Ardhi inayasukuma juu.

— Yanaota, akasema Nuala.

— Yanaota.

— Yakaota saba. Kwa mstari. Mwezi wa Agosti. Juu ya simiti.

— Mimi si mtaalamu.

— Hilo tumeliona, Packie. Na ile barua ya malalamiko uliyotuzungushia, jina lako likiwa la kwanza juu ya majina sitini na matatu, ulikuwa unamlalamikia nani? Ardhi?

Tope akanywa kahawa. Masikio yake yalikuwa mekundu, lakini masikio ya wakulima wa Kilbrody ni mekundu mwaka mzima.

Waziri alikuwa ndiyo kwanza anaanza kueleza uhusiano wa halmashauri na nyambizi, maana sasa ziliunganishwa, alipofika Padri Shaji. Hii ilikuwa wiki yake ya tatu parokiani. Ametoka Kerala, huko India kusini, kwa watu wanaokwenda kanisani kwa boti kama wengine wanavyokwenda kwa baiskeli. Mkononi alikuwa na mkate wa soseji na orodha ya makaburi.

— Mwalimu Nuala, nimemwandika mama wa kwanza, akasema. Kaburi la mzee liko karibu na gati la kisiwani, hatatembea sana. Boti inalowekwa leo?

— Boti hailowekwi popote, padri. Hakuna pa kuishushia.

Wakamwelezea wote kwa pamoja. Halmashauri, kesi, wageni, mikoba, bata. Padri Shaji alitafuna akisikiliza, akiitikia kwa kichwa pale adabu ilipotaka. Walipoishiwa pumzi akafuta mdomo.

— Nimeyaona hayo mawe jana. Mazuri. Yametoka wapi?

— Ndiyo tunakueleza, padri, akasema Redio. Kuna watu...

— Sikuulizi watu. Mawe. Mawe makubwa namna ile yalikuwa yamekaa wapi kabla ya kuja pale?

Redio akageuka kutazama mtoni, kana kwamba mawe yameletwa sasa hivi. Miezi kumi na moja walikuwa wameuliza nani, na kwa nini, na kwa amri ya nani. Hakuna aliyeuliza wapi, maana wapi ni mahali, na mahali mtu huweza kutembea akaenda kuangalia.

Nuala hakutazama mtoni. Alimtazama Packie, aliyeketi naye dawati moja wakiwa na miaka saba, ambaye hata wakati ule akikosea hesabu alikuwa akiifunika kwa kiwiko.

— Mlete mama kwangu, akasema Packie. Hakumwambia yeyote hasa. Pale ng'ombe wanaponywea pana changarawe, pametulia. Trela inafika mpaka majini.

— Jumatatu trela ilikuwa inazama.

— Haizami.

— Kufuli je?

— Nitalifungua. Sasa hivi nikifika. Boti ianze kunywa leo leo, mchana huu.

— Packie, umenizungusha siku nne. Mama yangu ana miaka themanini na minane. Kwa nini hukulifungua Jumatatu?

Aliweka kikombe chini, katikati ya viatu vyake.

— Kwa sababu ukisimama pale wanaponywea ng'ombe, unauona mteremko kwa upande wa chini. Unaona ulivyo.

— Ulivyo vipi?

— Umekatika.

Waziri akasema loo.

— Mwaka jana kisima kilikauka, akasema Packie. Nina ng'ombe themanini, walilia mpaka mke wangu akahamia chumba cha nyuma. Alfajiri moja nikashusha tangi kwa trekta nikavute maji mtoni. Lilipojaa likalalia upande, simiti ikameguka kama biskuti. Mawe nimeyatoa kwenye ule ukuta wangu wa zamani. Niliyaweka mtu asishuke. Nikasema nitautengeneza kabla hawajajua, halafu huyu akasema ni halmashauri, nikaona afadhali.

— Kwa simiti tu? Nuala akasema. Ungesema, tungechanganya nyingine kwa siku moja.

— Si simiti tu. Baba yangu na baba yako waliumwaga pamoja, ungali mbichi wakaandika majina yao kwa msumari. La baba yangu liko pale mpaka leo.

Hakuinua uso.

— Kipande chenye jina la baba yako kiko chini ya mto, Nuala. Mimi ndiye niliyekiangusha.