Urbani Ndunguru, Aliyerudi Jeshini kwa Sababu Yetu

Padre wetu, mkuu wa kikosi na askari wote, wazee, wakwe zetu mliopanda kutoka Liuli, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Getrude, dada mkubwa wa marehemu, ukoo umenichagua kusoma kwa sababu nina sauti, na karatasi hii imeandikwa na kaka yetu Stephano, mwenyekiti wa ukoo. Nitaisoma yote isipokuwa sentensi moja, ambayo imewekwa humu ili mjane huyu mnayemwona atolewe shambani kwake, na hiyo haitoki mdomoni mwangu kama kweli, na pengine nitaongeza maneno yangu mwenyewe.

Marehemu Urbani alizaliwa hapa Maguu tarehe 25 Mei 1975, akiwa mtoto wa sita na wa mwisho wa Mzee Edmund Ndunguru na Mama Luisa, akabatizwa kwa jina la mtakatifu wa siku ile. Alimaliza darasa la saba mwaka 1990 na kidato cha nne mwaka 1994, darasani alikuwa wa katikati, ila chochote chenye injini alikifungua, ikiwemo mashine ya kusaga ya jirani, akachapwa viboko kwa ajili yake, na alipoirudisha ilisaga vizuri kuliko mwanzo.

Alijiunga na jeshi tarehe 3 Julai 1996, akawa fundi wa injini za boti, akafikia cheo cha koplo. Mwaka 2005 baba yetu alipofariki, sisi ndugu zake tulimwandikia barua mbili, tukimsihi aache jeshi aje kutunza kahawa ya baba, naye akaomba kuacha, akakubaliwa, akaja. Mlisikie vizuri hilo, sisi ndio tuliomtoa.

Tarehe 14 Oktoba 2006 alifunga ndoa na Winifrida, binti wa Kianglikana wa Liuli, aliyekubali kufunga ndoa katika kanisa letu, na Mungu akawajalia watoto wawili, Asteria aliyezaliwa mwaka 2008 na Aidan aliyezaliwa mwaka 2011.

Sasa wageni wetu wa ziwani niwaeleze jambo. Huku milimani tunalima ngolo, mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba, kazi yake imeishia hapo, halafu mwanamke anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafukia majani, shimo linabaki, maharage yanapandwa kwenye matuta, na mwanaume kushika jembe la kuchimbia mashimo hayo kwetu ni aibu. Winifrida alikulia kwenye mihogo na usipa, dagaa wa ziwani, ngolo hakuijua, na hakuna hata mmoja wetu aliyemfundisha, wa kwanza mimi. Basi Machi 2007 Urbani alishika jembe mwenyewe, akachimba na mke wake bega kwa bega, akafanya hivyo kila mwaka kwa miaka kumi na mitatu.

Lo, tulimcheka! Kwenye sengu, pale wanaume wa ukoo wanapokula pamoja na kuamua mambo, walimuuliza kama ameshamaliza kazi za kike, wakamtengea ugali wake pembeni, na lile jina la Bibi Urbani mlilokuwa mkimwita hadi Mbinga mjini nililitunga mimi, kisimani, mbele ya wanawake wenzangu, na nikajiona mjanja kweli.

Mwishoni mwa mwaka 2019 jeshi lilihitaji mafundi wa zamani wa boti warejee kwa mkataba, Urbani akiwa na miaka arobaini na minne, kitambi na goti bovu, akaomba, akachukuliwa, akaanza tarehe 10 Februari 2020 kwenye kikosi cha ziwani. Hapa kaka Stephano ameandika kwamba alirejea jeshini akikimbia matatizo ya ndoa. Ni uongo, kaka, nakuambia mbele ya jeneza lake. Aliniambia mwenyewe huku akifunga begi kwamba huko angalau akishika spana hakuna wa kumcheka, na Winifrida alimlilia hadi stendi ya Mbinga asiende. Leo mnataka kusema mwanamke huyu alimfukuza mume, ili matanga yakiisha arudishwe kwao na kahawa ibaki kwenu, aibu gani hii!

Kikosini alikimbia mchakamchaka na vijana ambao angeweza kuwazaa, mwaka 2022 akapandishwa kuwa sajenti, na alipokuja likizo na sare zake sengu ilimpa kiti na mnofu, jembe hakuligusa tena, sisi tukafurahi kwamba amekuwa mwanaume, na mke wake akachimba peke yake. Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2023, akalificha, akiogopa kurudishwa nyumbani, yaani kwetu. Tarehe 6 Juni 2024 alianguka akiwa anafungua injini, akafikishwa hospitali na wenzake, madaktari wakasema ni kiharusi, na tarehe 11 Juni saa nne asubuhi alifariki, akiwa ameshikwa mkono na Winifrida, wakati mimi na wewe Stephano tulikuwa tunachuma kahawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi kwa siku zile tano, tunamshukuru mkuu wa kikosi na askari waliombeba, majirani wa Maguu kwa kuni, maji na mahindi, na Mama Restituta wa hapo jirani, ambaye si ndugu yetu, ndiye hatimaye aliyemfundisha wifi yangu ngolo. Ukoo wetu siushukuru, nami nimo. Winifrida na watoto wanabaki katika nyumba yao na shamba lao, na anayetaka kuwatoa aanze na mimi, godoro langu limeshaingia chumbani kwa Asteria tangu jana jioni.

Urbani, mdogo wangu, nilikucheka, nimekiri mbele ya watu, pumzika kwa amani.