Kidonda Nilichokificha

Jina la Bwana lisifiwe, ndugu zangu! Wamama mlioketi huku nyuma na watoto migongoni, ninyi nawasalimu mara ya pili, kwa sababu neno hili ni lenu.

Mimi ni Mama Esther. Tulitoka Fizi, tukapewa shamba hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale. Watoto wanne nilikuwa nimewazaa nyumbani, na nilijivuna kwa hilo. Jirani yangu Mama Neema alipopasuliwa ili mtoto wake atoke, nilisema kwenye bomba, mbele ya wamama: "Yule hakuzaa, alizalishwa na kisu." Wakacheka. Yeye alisikia, akajitwika bidon yake ya maji, akaenda. Ndugu zangu, siku zile mimi ndiye niliyeongoza maombi ya wamama!

Mimba ya tano ikanishinda. Uchungu siku mbili, mtoto amekaa vibaya tumboni. Kituo cha afya wakanitia kwenye gari mpaka hospitali ya Mbarara. Nilipozinduka, mtoto alikuwa hai, wa kiume, na tumbo langu limeshonwa. Nikalia. Watu walidhani ni maumivu. Ilikuwa ni haya.

Kitanda cha pili alilala mke wa askari wa kambi ya jeshi, naye amepasuliwa. Aliniona nahangaika kuinuka, akasema: "Mama, hapana amka namna hiyo! Geuka upande, sukuma na mkono. Pole pole." Nikapiga hatua tatu mpaka dirishani. Nikikohoa, nilikandamiza mto tumboni. Sista akaniagiza nisilime, nisibebe kizito mpaka nipone. Nikiona usaha au homa nirudi haraka.

Nyumbani nikamwambia mume wangu, "Sema nilizaa kawaida." Hakupenda, lakini alinyamaza. Na ili nisijulikane, wiki ya tatu nilishika jembe. Wamama walipopita karibu na maharage yangu, niliimba. Niliimba huku machozi yananitoka! Siku ya nne ya kulima kidonda kikafunguka upande mmoja, homa ikapanda. Hata hapo nilijifunga kitenge juu ya kitenge.

Mume wangu akiwa sokoni Kabingo, Mama Neema alikuja na uji kumwona mtoto. Mtoto akalia, nikashindwa kumwinua. Akanitazama.

"Dada, balikupasua?"

Nikakaza kitenge.

"Usinifiche. Ile harufu naijua."

"Mama Neema, nilikucheka. Ni mimi nilisema yale maneno ya kisu."

"Najua ni wewe. Iliniuma mingi." Akamchukua mwanangu, akamfunga mgongoni mwake. "Twende kwanza. Homa haingoji."

Tulipanda boda boda moja, yeye nyuma yangu, amenishika mabega. Njiani alinieleza jinsi alivyouguza kidonda chake peke yake, hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda kumuuliza kinaumaje. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe. Lakini wale waliocheka, nao uwaambie."

Kituoni walisafisha kidonda, wakanichoma sindano, nikawa narudi kubadilishiwa bandeji. Mume wangu alipalilia maharage. Mama Neema alinichotea maji na kunifulia nepi, mpaka nyama ikashikana na ngozi ikafunga. Bwana aliniponya, ndugu zangu, kwa sindano na kwa mikono ya mtu niliyemdharau. Akaniponya na kiburi, ugonjwa niliokuja nao hata kabla ya mimba.

Basi ninyi mliocheka nami siku ile, nawaambia mbele ya Mama Neema mwenyewe: nilisema vibaya. Mama Neema alizaa. Na mimi nimezaa. Asante, dada yangu. Asante, Yesu!

Baada ya ibada, sisi wawili tutabaki hapa kanisani. Mama uliyepasuliwa, njoo uketi nasi. Tutakulimia, tutakubebea maji, na ukipatwa na homa tutapanda nawe pikipiki. Mtegemee Bwana, wala usimwonee haya. Amekwisha kuliona tumbo lako, na hakucheka. Amina.