Nusu Dakika ya Kimya

Benchi la nje kwa kinyozi lina mguu mmoja mbovu, kwa hiyo anayewahi hukaa katikati na anayechelewa hujishikiza ukingoni. Asubuhi hiyo Redio aliwahi, akakaa katikati, na bado alikaa kama mtu aliyejishikiza. Jina hilo walimpa kwa kuwa miaka mingi aliandika michezo ya redio, mpaka kituo kikaona michezo haina faida. Siku hizi anaandika tamthilia za kwenye simu, kila sehemu dakika mbili, mtu anatazama huku akisubiri chai ichemke. Sasa wenye kampuni wana mashine inayowaonyesha mtazamaji amechoka wapi akaondoka, na leo ilikuwa itoe majibu ya sehemu ya sita: mzee anayeishi peke yake anapiga pasi gauni la kijani, nusu dakika nzima, bila neno. Mwongozaji, kijana wa juzi tu, alimsihi atie walau mtu kuzabwa kofi. Redio akakataa kata kata. Watu wakikimbia hapo, kazi imekwisha. Shemeji yake mwenye duka la misumari alishamletea koti la bluu la kuuzia dukani, na mkewe Redio alishalitundika nyuma ya mlango.

Muuza kahawa akammiminia yeye na Mzee Pensheni, karani mstaafu aliyejishikiza ukingoni. Simu ya Redio ililala kifudifudi juu ya paja.

KINYOZI: Nakwambia ukweli kwa kuwa kichwa chako nakijua. Kimya kinakula bando sawa na maneno. Nani anunue bando asikilize pasi?

REDIO: Redioni kimya sikuruhusiwa hata siku moja. Ukinyamaza kidogo watu wanaipiga redio makofi, wanadhani betri zimekwisha. Nilipopata picha nikasema, jamani, na mimi niwakalishe watu na mtu bila kelele.

KINYOZI: Utawakalisha dukani, kwenye misumari.

Profesa akavuta stuli. Huyu ni fundi simu wa kibanda cha jirani. Shule aliiaga mapema, ila hakuna asichokijua.

PROFESA: Hamjui mashine inavyohesabu. Kamera ya mbele inakutazama macho. Ukipepesa tu, inaandika: huyu kachoka.

MZEE PENSHENI: Na mwenye chongo?

PROFESA: Anahesabiwa nusu mtu. Ndiyo maana wahenga walisema, paka akiondoka panya hutawala.

MZEE PENSHENI: Paka kaingiaje hapo?

PROFESA: Paka ndiye mtazamaji. Fikiria taratibu.

Mzee Pensheni, asiyekubali kushindwa, akaweka kikombe chini.

MZEE PENSHENI: Macho ni mambo ya zamani. Siku hizi inasikiliza viungo. Juzi nilisimama, goti likalia, simu ikaniletea tangazo la dawa ya magoti. Mimi sikusema kitu. Goti ndilo lililosema.

KINYOZI: Basi kesho itatunga hadithi ya goti yenyewe.

PROFESA: Itatunga, na mashine nyingine itatazama, na ya tatu italia kwa niaba yetu. Binadamu tutabaki na kazi ya kuchaji. Haba na haba...

MZEE PENSHENI: Usimalize.

Redio alicheka kwa midomo tu. Ndipo simu ikatetemeka pajani, naye akaitazama bila kuigusa. Kinyozi akachoka kungoja, akaichukua na kusoma kwa sauti ujumbe wa mwongozaji:

"Mzee wangu, hawakuondoka. Wengi wakifika kwenye pasi wanarudisha nyuma, wanatazama tena. Wakubwa wanataka msimu mwingine. Unisamehe kwa lile kofi."

Redio akashusha pumzi aliyokuwa nayo tangu alfajiri. Akaichukua simu, akausoma ujumbe tena mwenyewe.

PROFESA: Si nilisema mimi?

Dada mmoja mwenye sare za uuguzi, aliyekuja kwa Profesa kuchukua simu yake, alikuwa amesimama nyuma yao.

DADA: Kumbe ile ya pasi umeandika wewe, baba? Na mimi nimeirudia. Lile gauni ni la nani?

KINYOZI: La marehemu mkewe.

DADA: Mkewe tumemwona kwenye picha ukutani. Mwili ule hauingii mle.

MZEE PENSHENI: Basi la binti yake.

DADA: Sehemu ya pili alisema hakujaliwa mtoto.

Wote wakamgeukia Redio. Alipoandika, gauni lilimjia kichwani kabla hajamwona mzee mwenyewe, na hakuwahi kujiuliza ni la nani.

REDIO: Sijui, mwanangu.

Benchi zima likanyamaza. Muuza kahawa alisimama na birika mkononi bila kumimina. Hakuna aliyeondoka.

Mwishowe Redio akainuka, benchi likayumba, Mzee Pensheni akadaka ukingo.

KINYOZI: Unakwenda wapi na kahawa hujamaliza?

REDIO: Kumrudishia shemeji koti lake. Halafu nikakae na yule mzee wa pasi mpaka aniambie.