Bi. Ndunge Kilonzo, Mama Aliyekataa Kukalishwa

Baada ya miaka thelathini na mitano ya kazi kwenye mashamba ya majaribio, Bi. Ndunge Kilonzo anastaafu rasmi tarehe 29 Mei 2026. Tumesema anastaafu. Hatukusema anapumzika, maana tunamjua.

Alizaliwa kwenye milima ya Mbooni, ambako watu huamka na sweta, akaja kufanya kazi kwenye kituo chetu cha utafiti wa mbegu, Kiboko, ambako hata mbuzi hugombania kivuli. Wiki ya kwanza, msimamizi wa wakati huo alimwambia kwamba mwanamke hataliweza jua hili. Msimamizi huyo aliomba uhamisho mwaka uliofuata. Ndunge akabaki, akachukua nafasi yake. Tangu hapo mtama, ndengu na mbaazi zetu zimepita mikononi mwake kabla ya kufika kwa wakulima wa Kitui na Makueni. Wengi wao hawajui jina la kituo chetu. Wanamjua "yule mama wa mbegu".

Alikuwa mama mwenye mwili, na mwili huo aliubeba kwa fahari. Lakini mwaka jana sukari ilipanda, magoti yakaanza kulalamika, na daktari wake akamwandikia sindano ya kupunguza uzito, ya kujidunga mara moja kwa wiki. Sindano hiyo haipendi joto, kwa hivyo aliiweka kwenye friji ya kantini, ndani ya kopo lililoandikwa: "Hii si siagi." Aliyeumia zaidi ni Mumbua, mpishi wetu. Muthokoi wake, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, ambao Ndunge alizoea kuongezwa mara mbili, sasa ulirudi jikoni nusu sahani.

Mwili ulipoanza kupungua, midomo nayo ikapata kazi. Wengine walimpa ugonjwa, wengine wakamhesabia miezi. Katika mkutano wa wafanyakazi Ndunge alisimama, mikono kiunoni.

"Nimesikia mnanizika," alisema. "Ninajidunga dawa ya kupunguza uzito, na daktari ndiye aliyeniandikia. Mwenye swali aulize hapa, mbele ya watu. Huko nyuma ya stoo mnakonisemea kuna nyuki."



Kisha ikaja Februari. Dozi ilikuwa imeongezwa, na joto nalo likaongezeka. Dawa ilikuwa imemnyamazishia njaa, na bila yeye kujua, ikawa imemnyamazishia kiu pia. Asubuhi moja alitapika, hakula, hakunywa kitu, akaenda shambani kama kawaida. Mchana Nzioka, dereva wa trekta, aliona kofia imeanguka kati ya mistari ya mtama, halafu akamwona mwenyewe. Alimbeba hadi kivulini, akalowesha leso na kumfunika shingo, akamkimbiza hospitalini. Siku hiyo kituoni Mumbua alisahau kutia sukari kwenye chai, tukainywa hivyo hivyo.

Hospitalini alitundikiwa maji, dozi ikapunguzwa, na daktari akamwambia: "Mama, usingoje kiu. Kiu yako imelala. Kunywa kabla haijaamka. Na siku ukitapika, usiingie juani. Nipigie simu."

Meneja wetu, Bwana Sufian, hakuwa na nia mbaya. Alimtayarishia meza ofisini, karibu na feni, akae hapo mpaka siku ya kustaafu. Lakini kulikuwa na ule mtama mpya, ambao Ndunge aliulea tangu ukiwa kiganja kimoja cha mbegu, na ulikuwa umebakisha wiki chache uvunwe. Aliitazama ile meza.

"Sufian, mwanangu, asante. Lakini mimi sikuajiriwa na feni. Nitabadilisha saa. Kazi sibadilishi."

"Na ukianguka tena, Mama?"

"Ndiyo maana sitaenda peke yangu. Wala hakuna mtu wangu atakayeenda peke yake."

Sufian alikubali kwa sharti moja: daktari aruhusu kwanza. Daktari aliruhusu.

Basi tukaanza kuingia shambani alfajiri, wawili wawili, na jua likianza kuuma tunatoka sote. Ndunge alikunywa maji kidogo kidogo kila alipomaliza mstari, awe na kiu asiwe nayo. Alikula uji, ndizi, yai, supu ya ndengu, katika visahani ambavyo Mumbua alijifunza kumpakulia bila kununa. Siku ambazo tumbo lilikataa, alikaa kivulini na kutuamrisha kwa sauti. Hizo ndizo siku tulizochoka zaidi.

Mtama ulivunwa mwezi Machi, Ndunge akiwa amesimama katikati yake, mwembamba na mkali kuliko zamani. Masuke yalikuwa mazito hata yameinamisha mabua. Wakulima waliotoka Kitui walipiga vigelegele. Yeye aliwauliza kama wamekunywa maji.

Saa mpya za kazi sasa ni za kituo kizima, na hakuna anayetaka zile za zamani zirudi.

Ameshatangaza kwamba Juni anaanza kupanda parachichi kwenye mteremko wa kwao Mbooni ambao ndugu zake wanasema haulimiki.

Mwaitu, mama yetu, asante kwa mbegu, kwa ukali wako, na kwa kila ulipokataa. Tunakuombea afya njema na miaka mirefu. Majirani zako wanaodhani unarudi nyumbani kukaa, tunawapa pole mapema.