Nani Anavuta Moshi Bukundi?

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dokta Nyanjige Luhende anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha utafiti wa afya hapa Bariadi. Alipoanza kazi, Bariadi ilikuwa bado Mkoa wa Shinyanga, maabara ilikuwa na hadubini moja, na mimi, Josia Ngassa, nilikuwa naosha vyombo vya maabara hiyo. Ni yeye aliyenisukuma nikasome. Kwa hiyo asinikasirikie leo nikisema mengi.

Dokta ni binti wa Malampaka, aliyekulia jirani na stesheni. Hajawahi kuchelewa kazini, na hajawahi kumsamehe aliyechelewa. Gari la kituo likigoma, alipanda bodaboda na boksi la sampuli za damu mapajani, na ole wake dereva aliyerusha tuta! Chai yake ni ya rangi, sukari vijiko vinne. Tulishamsema tukachoka.

Kazi kubwa ya maisha yake ni pumu ya watoto. Alitaka kujua kwa nini watoto wa Bukundi, kule Meatu, wanabanwa kifua kuliko wa mjini, wakati kule hakuna viwanda wala magari ya kuhesabika. Tukapeleka madodoso mia nne. Swali la saba liliuliza kama nyumbani kuna mtu anayevuta moshi. Majibu yakarudi: hakuna, hakuna, hakuna. Akina mama wengine waliona tumewatukana kabisa. Wao ni walokole, sigara watoe wapi? Wakubwa waliosoma majibu wakasema Bukundi haina moshi, na ikabaki miezi michache utafiti ufungwe.

Aliyeandika swali la saba ni mimi. Leo nimelisema hadharani. Dokta alijua miaka yote na hakunitaja popote.

Alifunga safari mwenyewe hadi kwa Mzee Bundala, mfugaji wa Bukundi, ambaye mjukuu wake Milembe, mtoto wa miaka sita, alibanwa kifua karibu kila jioni. Majirani walishaanza kunong'ona kuwa karogwa. Jioni moja tu ilitosha. Moto wa samadi uliwashwa pale shikome, mahali wanaume wanapoota moto kando ya zizi, ili mbu na nzi wasisumbue ng'ombe. Upepo ukaubeba moshi wote mpaka mlangoni kwa mtoto. Karatasi nyeupe ya mashine yetu ya kunasa vumbi ilitoka nyeusi kama kitako cha sufuria.

Damu ya Milembe ilieleza yaliyobaki, na maelezo ya Dokta wanafunzi wanayakariri hadi leo: kinga ya mwili ni mbwa wa boma, ukimchokoza kwa moshi kila siku, ataanza kubwekea hata ndama wa nyumbani.

Sasa mwambie hayo Mzee Bundala! Alijibu kwamba moto ule ni wa babu yake, na kwamba yeye ana ng'ombe, mayu, yaani mama, kama alivyomwita Dokta, ana vikaratasi. Dokta hakumwomba auzime. Alimwomba mama wa Milembe afunge fundo kwenye kamba kila mtoto anapobanwa, mwezi mmoja moto ukiwa palepale, na mwezi wa pili ukisogezwa hatua arobaini, upande ambako upepo ungepeleka moshi porini. Kusipokuwa na tofauti, angeurudisha mwenyewe kwa jembe mbele ya watu. Mzee akakubali, nadhani ili amwone daktari akishika jembe.

Mwezi wa kwanza, mafundo kumi na tisa. Wa pili, matatu. Dokta alisema kamba moja si ushahidi, lakini ilitosha utafiti usifungwe. Kaya sitini zikasogeza mioto, vipimo vya damu vikafuata, na swali la saba akaliandika upya yeye.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwalika Mzee Bundala. Miguu imemgomea, haji. Amenituma nimwambie mayu kwamba moto bado uko pale alipouacha. Milembe naye anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisa, na akianza mazoezi nyumbani hakuna anayepata raha.

Dokta, tunakupenda, na maabara itapwaya bila wewe. Nenda Malampaka ukanywe chai yako, tuone nani atakusema. Asante, wabeja sana, mayu. Tunakutakia siku njema na nyingi. Sasa ni zamu yako kuvuta, na safari hii neno hilo naliandika vizuri: kuvuta pumzi.