Mukono wa Kadogo Chini ya Simenti

Fungeni huo mulango wa barabarani, na wewe Atumani uzime simu yako, maana nikiisikia ikilia tena nitaomba niletewe nyundo mbili, moja ya ukuta na moja ya hiyo simu. Kaeni chini. Mounira, mama, binti yangu, niinue kidogo, uniwekee muto nyuma ya mugongo. Hivyo. Bismillahi. Mimi Aziza, mujane wa Abedi, niliyewazaa ninyi watatu ndani ya nyumba hii hii, ninasema maneno yangu ya mwisho nikiwa na akili zangu zote, na kesho mutu akisema kwamba muzee alikuwa anaweweseka, mumujibu kwamba ugonjwa ulikuwa wa kifua, kichwa kilikuwa kizima. Nimekasirika. Nataka mulijue hilo mbele ya yote, kwa sababu watu wakikaa karibu na mugonjwa wanapenda kusikia maneno matamu, na mimi leo matamu sina.

Vitu vyangu ni vichache na dini inajua namna ya kuvigawa. Shamba la muhogo la Lusangi, cherehani, lile sanduku la mbao, mutamuita imamu awape mafungu yenu na hamutainuliana sauti. Lakini dini imeniachia theluthi moja niiseme kwa kinywa changu, isiende kwa murithi yeyote, na hiyo theluthi nitaisema nikimaliza kugombeza.

Tuje kwa nyumba. Mwaka jana ilikuja barua kutoka Kindu, kwamba jimbo linatafuta majengo ya zamani ya Kasongo na Kabambare yaandikwe kuwa urithi wa watu wote, na jengo likishaandikwa hakuna wa kulivunja tena, awe na pesa, awe na cheo, na mulangoni itapigiliwa plake, kibao cha majina ya waliolijenga. Iliasi, wewe ni mwalimu, wewe ndiye ulinisomea, ukarudia mara mbili kwa sababu niliomba. Nililia mbele yenu. Muzaliwa, yule mununuzi wa zahabu wa kule sokoni, alikuwa amekwisha kuja mara tatu kuulizia kiwanja, anataka kubomoa asimamishe gorofa, na kila siku nilikuwa najiuliza, nikifunga macho, vijana hawa watamukatalia muda gani? Barua ile ilinipa usingizi. Simuchukii Muzaliwa, yeye anatafuta maisha kama kila mutu aliyekuja huku kwa ajili ya zahabu. Hasira yangu iko juu yenu.

Maana niliugua, Mounira akanipakia kwenye pikipiki, akanipeleka kwake Wamaza, wiki tano nakunywa dawa zake na supu zake, na huku nyuma mukapata habari kwamba tume ya jimbo iko njiani. Mukafanya nini, wanaume wangu wawili? Mukakaa, mukashauriana, mukasema wageni wa serikali hawawezi kupokelewa ndani ya udongo. Mukaita fundi. Mukaleta simenti, mifuko kwa mifuko, mukapaka nje, mukapaka ndani, mukamaliza na rangi ya kijani, na juu ya mulango mukaandika KARIBU TUME. Wake zenu walisema musubiri muzee arudi, mukawaambia wanyamaze. Najua akili hiyo mulitoa wapi. Ni mimi niliyewafundisha kwamba mugeni akija unafagia kiwanja, unatandika mukeka mupya, unaficha sufuria iliyotoboka. Basi ninyi mukaificha nyumba nzima.

Na tume ikaja. Yule mama aliyeiongoza, Madame Viviane, muliniambia wenyewe habari yake, mukiwa mumeinamisha vichwa. Alizunguka nyumba mara moja, akagonga ukuta kwa kidole, akauliza, nyumba ya zamani iko wapi? Na wewe Atumani ukacheka, ukasema, ni hii hii, Madame, tumeitengeneza vizuri kwa ajili yenu. Akafunga daftari lake. Akasema, papa, mimi nilitumwa kuandika nyumba ya udongo ya miaka mia moja na zaidi, hapa naona duka. Ana haki! Angesema nini kingine? Hata hivyo aliwahurumia, akasema atapita tena baada ya Idi, akikuta ukuta wenyewe ataandika, asipoukuta jina la nyumba linatoka kwenye orodha. Na likitoka, Muzaliwa hatahitaji hata kubisha hodi. Idi ni mwezi ujao. Mimi sitaiona.

Tazameni pale chini ya dirisha. Mvua mbili tu zimenyesha na ukuta unatoka jasho, umevimba kama shavu la mutu mwenye jino bovu. Udongo unakunywa mvua, halafu unaitoa taratibu kwa jua. Simenti imeufunga mudomo, maji yameingia na hayana pa kutokea. Nyumba imesimama tangu kabla ya babu yenu kuzaliwa, imepita vita zote hizi munazozijua, ninyi mumeipatia ugonjwa ndani ya siku nne. Na kwa heshima! Kwa adabu! Hilo ndilo linaloniunguza, kwamba hakuna hata mumoja wenu aliyekuwa na nia mbaya.

Nipe maji, mama. Kidogo.

Nilipoingia humu bibi-arusi, mwaka ule wa uhuru, mama mukwe wangu Amisa alinipa siku tatu za kula na kulala, ya nne akanipa jembe, akanipeleka kwenye kichuguu. Kila mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua ya kwanza, wanawake wa nyumba hii wanachimba udongo wa kichuguu, wanauloweka na majani makavu yaliyokatwakatwa, wanaukanyaga kwa miguu siku nzima wakiimba na kusengenya waume zao, halafu wanapaka kuta zote. Zote, isipokuwa ukuta huu wa chumba cha nyuma. Huu unapakwa kandokando tu, kwa sababu katikati iko mikono, ile muliyoifunika. Kila mwanamuke aliyeolewa humu, kiangazi chake cha kwanza, alikandamiza kiganja cha kuume kwenye udongo mubichi. Wa kwangu uko pale, juu ya wa Amisa, na wa wake zenu uko juu ya wa kwangu. Mulikua mukiiona, mukiwa watoto mulikuwa munapima viganja vyenu ndani yake. Na chini kabisa, urefu wa kiuno, uko mumoja mudogo kuliko yote, vidole vimepanuka. Mulikuwa munauliza, ni wa mutoto gani huyu? Na mimi nilikuwa nasema, nendeni mukacheze.

Hapo nina kosa, na nitalisema, sitaki kwenda nalo. Iliasi, niliporudi kutoka Wamaza ulinisomea dosie, zile karatasi ulizowaandikia tume, ulikuwa na furaha, ulisimama kama uko mbele ya darasa. Ukasoma kwamba nyumba hii ilijengwa na Moussa, mufanyabiashara mukubwa aliyetoka pwani. Nikauliza, na nani mwingine? Ukasema, ni hivyo tu, Mama. Nikakutajia Kadogo. Ukanijibu, mambo ya utumwa tuyaandike kwa nini, watu watatucheka. Nilinyamaza siku ile kwa sababu pumzi ilikuwa imeniishia. Leo iko kidogo, nitaitumia yote kwa neno hili.

Kadogo aliletwa Kasongo akiwa mutoto wa kike wa miaka saba au nane, kutoka njia ya Kabambare, amefungwa kamba moja na watu wazima, na jina alilopewa na mama yake hatulijui kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumuuliza. Walimuita Kadogo kwa kuwa alikuwa kadogo. Vita ya Wabelji ikapita, wakatangaza kwamba watumwa wako huru, lakini yeye hakujua tena njia ya kwao. Moussa alipokuja kujenga hapa, aliketi kwenye kiti akionyesha kwa fimbo. Waliochimba musingi ni wengine. Waliobeba miti ni wengine. Kuta hizi alizipaka Kadogo na wenzake wawili, yeye ndiye aliyejua kipimo cha udongo, wa kwao walimufundisha kabla hajakamatwa, ndicho kitu pekee alichotoka nacho. Na siku ya kumaliza alikandamiza mukono wake hapa nyuma, ule mudogo wa chini kabisa, mahali ambapo Moussa hakuwa na desturi ya kuingia, akasema, na haya ni maneno aliyomupa Amisa, Amisa akanipa mimi, leo nawapa ninyi: nyumba si yangu, lakini kazi ni yangu.

Baadaye Moussa akamufanya muke, nalo pia hakumuuliza. Akamuzalia mutoto mumoja. Mutoto huyo, mume wa Amisa, ndiye aliyemuzaa Abedi, baba yenu. Munaelewa? Iliasi, unaogopa watu watakucheka kwa sababu ya nani? Unajivunia mutu aliyekaa kwenye kiti, unamuonea haya yule aliyefanya kazi mupaka mikono ikachubuka, na wote wawili ni damu yako! Aibu iko kwa aliyefunga kamba. Aliyefungwa ana aibu gani? Niambieni, aibu gani?

Pole. Pole, ni kikohozi tu. Usiniangalie hivyo, Atumani.

Amisa aliniambia, watoto wakikua uwaambie. Sikuwaambia. Baba yenu hakutaka isemwe, na walipokuja wachumba wa Mounira, mimi mwenyewe nilikaa kwenye mukeka nikasema kwa sauti nzuri kwamba sisi asili yetu ni pwani, na wanawake wakatikisa vichwa, na nikaona raha. Kwa hiyo Iliasi, uongo ulioandika kwenye dosie ulijifunza kwangu. Nakuomba radhi. Lakini kunyamaza kwangu hakukupi wewe ruhusa ya kunyamaza.

Sasa shikeni ninayotaka. Simenti itoke yote, na mutaitoa kwa mikono yenu, asiitwe fundi. Anzeni na chumba hiki kabla Idi haijafika. Mukimaliza, wake zenu na Mounira watawaonyesha kichuguu, na safari hii wanaume pia watakanyaga, ili siku nyingine mujue munachokiharibu. Dosie itaandikwa upya. Moussa abaki, sikatai, alikuwapo. Lakini Kadogo atangulie. Madame Viviane akija, asisomewe dosie kwanza, apelekwe mbele ya ukuta. Na ikiwa plake italetwa bila jina la Kadogo, muipokee kwa adabu, muwape wageni chai, halafu muirudishe.

Theluthi yangu ni wakfu. Theluthi ya shamba la Lusangi, upande ule wenye vichuguu, haitagawanywa wala kuuzwa, itatoa udongo wa nyumba hii na chakula cha wanaopaka, kila mwisho wa kiangazi, mupaka hapo watu watakapochoka na dunia. Mounira ataisimamia. Atumani, hiyo simu inayolia tangu asubuhi, najua ni nani aliyekupa. Utamurudishia Muzaliwa leo, umuambie asante, kiwanja hakiuzwi. Na mimi mutanizika kama kila mutu, udongo mutupu. Nikisikia mumeniwekea kijiko kimoja cha simenti juu ya kaburi, nitarudi.

Munacheka. Vizuri. Nilitaka nione meno yenu mara moja tena.

Iliasi, simama. Nyundo na patasi viko chini ya kitanda. Pale, karibu na dirisha, urefu wa kiuno. Polepole. Ingiza patasi kwa pembeni, usipige kwa nguvu. Unasikia? Inalia kitupu. Nilisema haikushika, simenti na udongo havijazoeana. Atumani, weka mikono chini, kipande kisianguke. Wakati wanapiga, sogea, Mounira. Mungu awape afya ninyi watatu. Awape watoto wenye kuuliza maswali na ninyi awape ujasiri wa kuwajibu. Awafungulie riziki isiyomutoa mutu kwenye kiwanja chake. Nimewasamehe. Nilikuwa nimekasirika... bado nimekasirika, lakini nimewasamehe.

Kimetoka? Ukuta umevunjika? Mounira, unalia nini? Leteni hapa. Hapa, kitandani, juu ya shuka, haidhuru. Geuza upande wa ndani.

Ah.

Simenti iliingia ndani ya shimo la mukono wa Kadogo... ikakauka humo. Tazameni vidole. Vimeinuka vyote vitano. Miaka yote hii nilikuwa naona alama tu ya kiganja, na leo kiganja chenyewe... Nishike, mama, uniwekee mukono wangu juu yake. Hivyo. Ni mudogo. Jamani, ni mudogo kweli. Kadogo, ni mimi Aziza. Nimechelewa.

Acha nyundo, Iliasi. Chukua kalamu. Andika jina lake kwanza... andika sasa, nikiwa nasikia.